Gurudumu lililogoma kutoka: siku nne na mashine yangu ya kukatia nyasi

Klipu inayozuia gurudumu lisitoke niliitoa Alhamisi jioni. Gurudumu lenyewe lilitoka Jumapili mchana.

Mashine ni ile ya kukatia nyasi ambayo dereva hukaa juu yake. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa likiishiwa upepo kila baada ya siku mbili. Ingekuwa pancha ya kawaida ningeiziba gurudumu likiwa palepale. Matairi haya hubeba upepo kidogo sana, psi 10 hadi 14 hivi, na si kila tundu linahitaji gurudumu livuliwe. Lakini nilipopaka povu la sabuni niliona hewa inatokea pembeni mwa valvu, na nilipokwangua rangi nikakuta rimu yenyewe imeliwa na kutu hadi imepasuka. Hapo hakuna kuziba. Rimu mpya ilibidi iingie, na ya zamani ilibidi itoke.

Kwa aliyezoea gari, hapa hakuna nati nne za kufungua. Ekseli ya mashine yangu ni chuma cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 19, na gurudumu limechomekwa tu. Kwenye ekseli kuna mfereji, na ndani ya mfereji kuna kipande cha chuma cha mraba ambacho mafundi hukiita kii. Hicho ndicho kinacholazimisha gurudumu lizunguke pamoja na ekseli. Mwishoni kuna washa, kisha klipu yenye umbo la herufi E, kisha kifuniko cha plastiki. Ukishaitoa klipu, unavuta gurudumu kwa mikono miwili na kazi imekwisha.

Ndivyo inavyotakiwa iwe. Magurudumu ya mbele huzunguka juu ya ekseli zao, kwa hiyo yana chuchu ya kuingizia grisi na mtu huyakumbuka. La nyuma halizunguki juu ya ekseli yake, basi miaka inapita hakuna anayelipaka chochote. Maji ya kuoshea mashine yanaingia, utomvu wa nyasi mbichi unaingia, kutu inaanza, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndani ya tundu lisilo na nafasi, inakuwa kama kabari.

Nilichomoa waya wa plagi, nikaweka vigingi kwenye magurudumu ya mbele, nikainua nyuma kwa jeki na kuweka stendi chini ya fremu. Klipu niliisukuma kwa bisibisi, ikaruka kwenye nyasi. Niliipata kwa sumaku baada ya robo saa. Tangu hapo nafunika kitambaa kabla ya kusukuma klipu yoyote.

Nilivuta. Nikakaa chini, nikaweka miguu kwenye fremu, nikavuta tena. Nikalipiga kwa nyuma kwa nyundo ya mpira huku nikilizungusha. Halikutikisika hata kidogo. Kisha nikafanya kosa ambalo bado linaniuma: nilichukua nyundo ya chuma nikaipiga ncha ya ekseli, mara mbili, kwa nguvu. Ncha ikapanuka kama kichwa cha uyoga. Maana yake hata kutu ingeachia, gurudumu lisingepita tena hapo mpaka niikate ile midomo kwa tupa, kazi iliyonimalizia jioni nzima.

Usiku nikampigia rafiki yangu aliye fundi. Akaniuliza, "Ndugu yangu, unajua upande wa pili wa hiyo ekseli kuna nini?" Nilijua, ila sikuwa nimewaza. Ekseli inaingia ndani ya gia boksi, na gamba la gia boksi ni aluminiamu. Kila pigo la ncha linakwenda kutua huko ndani, kwenye klipu na gia. Akaniambia niache nyundo, nipulizie dawa ya kulainisha kutu asubuhi na jioni, mbele na nyuma ya tundu, na niwe na subira. Wazo langu la kusukuma kwa mtarimbo kutoka nyuma alilikataa pia: mtarimbo ungeegemea gamba lilelile la aluminiamu, karibu na sili ya mafuta.

Ijumaa yote nilipulizia. Nikaazima pula ya kucha tatu, kifaa cha kuvutia gurudumu litoke kwenye ekseli. Hapo nikakutana na tatizo ambalo sikulitarajia: kitovu cha gurudumu kimezama ndani ya rimu, kucha hazifiki nyuma yake. Nikizishikisha kwenye ukingo wa rimu, rimu inapinda tu kama sahani ya bati.

Nilichelewa kuona jambo lililokuwa wazi: rimu hii inakwenda kutupwa. Ya nini kuihurumia? Nililitoa tairi kwenye rimu, rimu ikiwa bado kwenye ekseli, halafu nikatoboa matundu mawili kwenye bati la rimu, karibu kabisa na kitovu, kushoto na kulia. Nikapitisha bolti mbili ndefu zenye washa pana nyuma. Mbele nikaweka kipande cha chuma bapa chenye unene wa milimita 12, chenye matundu mawili ya bolti hizo na la tatu katikati, ambapo nilichomelea nati. Bolti ya katikati ikaja kusukuma ncha ya ekseli, kwenye kile kishimo kidogo kilichoachwa na mashine ya kukereza. Kwa namna hii nguvu inabaki kati ya rimu na ekseli. Gia boksi haisukumwi.

Nilikaza mpaka spana ikaanza kulia, nikaacha usiku mzima. Asubuhi hakuna kitu.

Lililobaki lilikuwa moto. Nilimwaga petroli yote kutoka kwenye tangi, nikaisukuma mashine hadi kwenye sakafu ya saruji mbali na nyasi kavu, nikafuta dawa yote kwa sababu nayo inawaka, nikaweka ndoo ya maji karibu na kufunga kitambaa kibichi upande wa sili. Tairi lilikuwa limeshatoka, na hilo si la hiari: rimu yenye tairi iliyojaa upepo ikipashwa moto inaweza kulipuka na kuua mtu. Nikakipasha moto kitovu, si ekseli, nikizungusha tochi ya gesi. Kitovu cha kipenyo hiki kikipata joto la nyuzi 200 zaidi, tundu linapanuka kama milimita 0.05 tu, nusu ya unene wa karatasi. Inatosha kuvunja kutu, mradi ekseli ibaki na ubaridi wake kidogo.

Nilikaza robo mzunguko, nikagonga kichwa cha bolti ya katikati kidogo tu kwa nyundo, nikapasha, nikakaza. Mara ya tatu ulilia mlio kama wa bunduki, nikaruka nyuma nikidhani nimekata bolti. Kumbe gurudumu lilikuwa limesogea milimita mbili. Baada ya hapo lilitoka kwa spana, likilia njia nzima na kumwaga unga mwekundu.

Ekseli niliisafisha kwa brashi ya waya na msasa, mfereji nikaukwangua kwa bisibisi nyembamba, nikaweka kii mpya. Kabla ya kufunga nilijaribu rimu mpya ikiwa kavu. Ikaingia kwa mkono. Ndipo nikapaka grisi ya shaba kwenye ekseli yote, ndani ya tundu na juu ya kii, nikarudisha washa na klipu.

Gurudumu la kulia halijawahi kutolewa tangu mashine iwe yangu. Jana usiku nimelipulizia dawa kwa mara ya kwanza, na kile chuma bapa bado nimekitunza.