CDAI chini ya 150, na utumbo bado una vidonda

Mgonjwa wa Crohn, ugonjwa wa mchochota (uvimbe na vidonda) wa utumbo, akiambiwa ugonjwa wake ni "wa wastani", aulize: kwa kipimo kipi? Vipo kadhaa, na havipimi kitu kimoja.

CDAI, jumla ya alama za ukali wa Crohn, ilitungwa Marekani mwaka 1976, na majaribio mengi ya dawa yameitegemea. Kwa siku 7 mgonjwa anaandika ameharisha mara ngapi, tumbo limemuuma kiasi gani (0 hadi 3) na amejisikiaje kwa jumla (0 hadi 4). Jumla ya choo inazidishwa kwa 2, ya maumivu kwa 5, ya kujisikia kwa 7. Daktari anaongeza damu, uzito, uvimbe anaoupapasa tumboni, na madhara nje ya utumbo.

Tuseme mwanamke anaharisha mara 4 kwa siku, tumbo linauma kidogo (1), na hajisikii sawasawa (1). Kwa siku 7 hapo kuna 56, 35 na 49. Hematokriti yake, asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu, ni 36 badala ya 42: pengo la 6 mara 6, yaani 36. Anameza loperamide, dawa ya kuzuia kuharisha: 30. Uzito uko sawa, uvimbe hakuna. Jumla 206, ugonjwa mwepesi (chini ya 150 huhesabiwa umetulia). Viungo vikianza kumuuma zinaongezwa 20, anavuka 220 na kuingia "wastani". Na hiyo 49 ni hisia tupu. Wiki ya msiba au ya kukosa usingizi inaipandisha bila utumbo kubadilika.

Kliniki nyingi huona daftari ni usumbufu, zikatumia alama fupi za Harvey-Bradshaw za 1980: siku moja tu iliyopita, bila damu. Chini ya 5 ugonjwa umetulia. Zaidi ya 16 ni mkali.

Vyote viwili vinadanganyika. Aliyekatwa mwisho wa utumbo mdogo huweza kuharisha kwa sababu ya nyongo isiyofyonzwa, bila mchochota wowote. Mwenye utumbo uliobana huenda choo mara chache, alama zikaonekana nzuri.

Ndiyo maana hupimwa pia kalprotektini, protini ya chembe nyeupe za damu, kwenye kinyesi. Ikizidi mikrogramu 250 kwa gramu, mchochota una uwezekano mkubwa. Ila diclofenac, dawa ya maumivu, nayo huipandisha, na TB ya utumbo vilevile, jambo la kukumbukwa sana kwetu.

Kolonoskopi, uchunguzi wa utumbo kwa kamera, ina alama zake, SES-CD: sehemu 5 za utumbo, na kila moja hupimwa ukubwa wa vidonda, eneo vilipoenea, eneo lililoathirika na mbano, 0 hadi 3. Kidonda cha zaidi ya sentimita 2 hupata 3. Mbano usiopitisha kamera nao hupata 3, lakini sehemu zilizo ng'ambo yake hazionekani, kwa hiyo hazihesabiwi, na mwenye utumbo mbovu kuliko wote anaweza kutoka na jumla ndogo. Ripoti ikisema kamera haikupita, ombeni MRI ya utumbo kabla ya kuiamini namba hiyo.