Kilomita 4 kando ya mkondo wa rali

Barabara ya mkondo, yaani kipande cha rali ambako magari hushindana kwa muda, hufungwa saa kadhaa kabla ya gari la kwanza kupita, kwa hiyo sisi wapiga picha tuliingia kungali giza, tukatembea kilomita 4 za changarawe. Kila kona tuliiuliza maswali mawili. Gari likishindwa hapa litaishia wapi? Sisi tutakimbilia wapi?

Kona ya kwanza ilikuwa na uwanda wa kuvutia upande wa nje, ambako jua lingekuwa nyuma yetu. Tukaiacha. Gari lililoshindwa kupinda huendelea kule lilikokuwa likielekea, na huko ndiko kwenye uwanda ule. Upande wa ndani nao una hila yake: madereva hukata kona, tairi hugonga jiwe lililofichwa na nyasi, gari likabiringika. Palipo baada ya kona, tairi za nyuma hurusha mawe kwa nguvu ya kuvunja lenzi, sembuse jicho. Mwishowe tulipanda ukingo uliokuwa juu ya barabara kwa mita 3, kabla kona haijaanza, nyuma kukiwa wazi. Hatukai chini wala kupiga magoti, na hatupangi mifuko kwenye njia ya kukimbilia.

Kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa, gari hupita mita 33 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja na nusu kutambua kwamba linakujia, limeshakula mita 50. Na kamera huzidisha hatari. Lenzi ndefu ya milimita 400, inayovuta vya mbali karibu, kitu kikiwa mita 60 mbele, huonyesha upana wa mita 5 tu. Yote yanayotokea pembeni hayapo. Lenzi pana ya milimita 16 hudanganya kinyume chake: gari huonekana mbali, nawe unasogea hatua moja, kisha nyingine. Ndiyo maana tunapiga kwa jicho la kulia na kuacha la kushoto wazi, na mmoja wetu daima hana kamera usoni. Kazi yake ni kutazama na kupaza sauti.

Mwaka 1986, huko Sintra, Rali ya Ureno ilijaa watazamaji hadi juu ya lami. Gari moja liliacha njia, likaua watu na kujeruhi zaidi ya 30, na timu za viwanda vya magari zikajiondoa katika rali hiyo. Ukitazama picha za siku ile utawaona watu wakinyoosha mikono kuligusa gari linalopita. Inauma kuziangalia.

Yalipopita magari ya kufungua njia, 000, 00, kisha 0, tulikuwa tumeshatulia. Picha ya chini kabisa, ile ya tairi na vumbi, tuliachia kamera ya pili kwa idhini ya marshali, msimamizi wa usalama kando ya njia: ilifungwa kwa kibano pamoja na waya wa chuma wa usalama, ikafyatuliwa kwa redio. Ikipigwa, ni kifaa tu kimekwenda.

Vumbi ndilo lililotusumbua zaidi. Bila upepo hubaki hewani, na gari linalofuata husikika kabla ya kuonekana. Hapo spika za masikioni hazina nafasi kabisa. Magari yalipokoma, watu walianza kushuka barabarani. Sisi tulibaki juu ya ukingo hadi gari la kufunga mkondo lilipopita, dakika 20 baadaye, ndipo tukaenda kuifungua ile kamera.