Maji Ndiyo Yanayopanga Saa Zangu: Siku Moja ya Mganga wa Bahari

Saa 10:00 alfajiri

Ninaamka gizani kwa sababu maji hayamsubiri mtu. Jedwali la kupwa na kujaa nililolibandika ukutani linaonyesha kwamba leo maji yatakuwa yamepwa kabisa saa 11:20 alfajiri, yatajaa kati ya saa 5:30 na saa 5:35 mchana, yatapwa tena saa 11:45 jioni, kisha yatajaa kwa mara ya pili karibu na saa sita usiku. Jana yalipwa saa 10:30, na kesho yatapwa saa 12:10 asubuhi, kwa maana ratiba hii husogea kwa takriban dakika 50 kila siku ikimfuata mwezi. Mwezi ulipevuka juzi, na kwa kawaida bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kiasi cha siku nyingine, hufikia kilele chake siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mpya, hivyo asubuhi hii bahari itarudi nyuma kuliko siku zote za wiki na kuacha wazi sehemu ambazo wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, hazionekani.

Ninachukua mfuko wa kitambaa, taa, chupa mbili za kioo zenye vizibo na viatu vya soli ngumu. Sichukui kisu wala chombo chochote cha kung'olea, kwa sababu kitu kinachohitaji kung'olewa si changu. Kazi yangu hutumia tu vile ambavyo bahari imeviachilia yenyewe.

Wanaonijia kwa mara ya kwanza huniuliza kama ninafanya uchawi. Lugha yetu imekwisha kulitenganisha jambo hili vizuri: mchawi hudhuru kwa siri, ilhali mganga huagua na kutuliza mbele ya macho ya aliyemjia. Ninachokifanya ni uganga, na sikubali kuitwa kwa jina lile jingine hata kwa mzaha.

Saa 11:00 alfajiri

Mwezi bado uko upande wa magharibi na mchanga unang'aa. Kabla ya kuvuka mstari wa mwani uliokauka ninasimama, ninaisalimu bahari kwa sauti, na kutaja ninachokuja kukitafuta na kwa ajili ya nani. Leo ninatafuta jiwe lenye tundu kwa ajili ya mama mmoja asiyepata usingizi. Nikitaja haja yangu, macho hupata kazi. Nisipoitaja, ninaokota kila king'aacho na kurudi nyumbani na mzigo usio na maana.

Ninaufuata mstari wa mwani polepole, kwa sababu vitu vyepesi hukwama hapo: manyoya ya ndege, vipande vya miti vilivyochubuliwa gamba na mawimbi, mifupa myeupe ya dome, jamaa wa ngisi, na vifuniko vidogo vya duara ambavyo konokono wa baharini hufungia mlango wa nyumba yake. Vizito hubaki chini zaidi, karibu na maji. Huko ninaokota kauri mbili, lakini moja ninairudisha mara moja kwa sababu miguu midogo inachungulia mdomoni mwake. Kaa wa namna hii hana gamba la kutosha la kumkinga tumboni, naye huishi ndani ya makombe yaliyoachwa na konokono waliokufa, akihamia kubwa zaidi kadiri anavyokua. Anayebeba makombe yote ya ufuo anawanyima makao wanyama hawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu ufuo mmoja wa Uhispania ulionyesha kwamba katika miaka takriban thelathini, wakati watalii walipoongezeka karibu mara tatu, makombe yalipungua kwa zaidi ya nusu. Tangu niusome nimejiwekea kikomo cha vitu saba kwa safari moja, na mara nyingi sivifikii.

Konokono mwenye umbo la koni simgusi kabisa mpaka nimgeuze kwa kijiti na kuhakikisha kwamba ndani ni tupu. Jamii hii ina mwiba wenye sumu, na baadhi ya aina zake zinaweza kumuua mtu mzima. Kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, aliyelala mchangani huenda yu hai hata kama hatikisiki, kwa hiyo naye ninampita. Ninasikitika kila ninapoona watu wakiwaanika juani wanyama hai ili wapate pambo la madhabahu, kwa sababu sioni ni baraka gani inayoweza kutoka katika kitu kilichokufa kwa kiu mikononi mwa anayeiomba.

Jiwe ninaliona dakika chache kabla ya maji kugeuka. Ni la rangi ya kijivu, dogo kuliko kiganja, na tundu lake limepenya pande zote mbili. Matundu ya namna hii hutokana na maji na changarawe zinazosaga sehemu moja kwa muda mrefu, au na jamii ya kome wanaojichimbia makao ndani ya mwamba laini. Ulaya watu waliyatundika mawe haya juu ya vitanda ili kuzuia jinamizi, na wavuvi wakayafunga kwenye mashua zao. Ninalipenda jiwe lenye tundu kuliko kitu kingine chochote cha ufuoni, kwa kuwa ndicho kitu pekee ninachokijua ambacho thamani yake iko mahali palipopungua.

Saa 12:00 asubuhi

Maji yameanza kurudi. Ninaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu na kujaza chupa ya kwanza kwa maji yanayopanda, ambayo ninayatumia katika kazi za kuvuta: riziki, upatanisho, nguvu baada ya ugonjwa. Chupa ya pili itasubiri maji yanayoshuka alasiri, kwa kazi za kuondoa. Utaratibu huu nilifundishwa hivyo, nami sijawahi kuuchanganya. Uso wangu uko baharini muda wote. Mtu anayeipa bahari mgongo wakati wa bamvua, hasa palipo na miamba, anaweza kuzingirwa na maji kabla hajatambua.

Ninaondoka na vitu vitano. Badala yake ninaacha unywele mmoja wa kichwa changu na kuokota takataka za plastiki kiasi cha kujaza mfuko wa pili. Wengine hutoa kafara za sarafu, mishumaa au maua yaliyofungwa kwa waya. Mimi siwezi kuamini kwamba bahari hufurahia kutupiwa kitu kitakachomkaba kasa.

Saa 2:00 asubuhi

Hii ni saa ya kusafisha, na ndiyo saa ambayo wanafunzi wangu huichukia. Makombe yanalowekwa katika maji baridi yasiyo na chumvi na kubadilishiwa maji kila siku mpaka harufu iishe. Wapo wanaofundisha kwamba yasuguliwe kwa siki ili yang'ae, nao wanaharibu: kombe ni kalisi kaboneti, na asidi ya siki huila, hivyo mng'ao unaouona siku ya kwanza ni ngozi ya kombe iliyochunwa. Ninapolazimika kusaga vipande vilivyovunjika ili kupata unga wa kuchora duara la kinga, ninavilowesha kwanza na kufunga pua na mdomo, kwa maana vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Vipande vya chupa vilivyosuguliwa na bahari navyo vinaingia katika chombo chao. Vioo si zao la asili, na kwa miaka kadhaa nilikataa kuvitumia. Nilibadili msimamo nilipofikiri jinsi kipande kikali kilichotupwa na mtu kinavyoviringishwa na mawimbi, mara nyingi kwa makumi ya miaka, mpaka kingo zake zisiweze tena kumkata mtoto. Sasa ninawapa watu wanaotoka katika hasira ya muda mrefu.

Saa 4:00 asubuhi

Mama asiyepata usingizi amefika. Baba yake alifariki miezi minne iliyopita, na tangu hapo huamka usiku wa manane kila siku akisikia kama anaitwa.

“Mwanangu,” ananiambia baada ya kuketi, “nimechoka. Nipe dawa nilale.”

“Mama, dawa ya kumeza sina,” ninamjibu. “Ile ataitoa daktari, na ninakuomba uende kumwona wiki hii hii. Nilicho nacho mimi ni kitu cha kushika usiku utakapoamka.”

Ninampa jiwe, bado lina unyevu. Ninamwonyesha jinsi ya kupitisha uzi katika tundu, kufunga fundo moja huku akilitaja jina la baba yake, na kulitundika mahali ambapo mkono wake utalifikia gizani. Akisikia sauti ile, alishike jiwe, amwitikie baba yake, amwambie amesikia, kisha alale. Analia kwa muda mrefu, nami sizungumzi. Naamini jiwe lililodumu chini ya maji na bado likaacha njia wazi linaweza kumsaidia mtu aliyezibwa na huzuni. Kwamba litamletea usingizi leo hii, hilo sikumwahidi.

Saa 5:30 mchana

Maji yamejaa. Kwa dakika chache hayapandi wala hayashuki, na katika muda huo sipokei mtu wala sigusi chombo. Ninaketi na kombe kubwa la konokono sikioni. Mvumo unaosikika humo si wa bahari. Ni sauti za mahali ulipo zinazogonga kuta za kombe na kuvuma. Mimi naona ukweli huo unalifanya kombe kuwa chombo bora zaidi cha kutulia, kwa sababu linamrudishia mtu kelele zake mwenyewe zikiwa zimepangwa vizuri.

Saa 7:00 mchana

Ninachemsha lita moja ya maji ya bahari yaliyochujwa kwa kitambaa. Maji ya bahari yana wastani wa gramu 35 za chumvi kwa kila kilo moja, kwa hiyo sufuria nzima hukauka na kubakiza kiasi kidogo sana cheupe, kinachotosha vifuko vichache vya kutundika mlangoni. Si ya kula, nami huwaeleza wote hivyo, kwani maji ya ufuoni hubeba mengi yasiyoonekana.

Saa 9:00 alasiri

Kijana mmoja ananitaka nifunge mafundo ili mwanamke aliyemwacha asipate utulivu mpaka arudi. Anajua kuhusu mafundo, nayo ni habari ya kale. Mwaka 1555 askofu Olaus Magnus wa Uswidi aliandika habari za wachawi wa kaskazini waliowauzia mabaharia pepo zilizofungwa katika mafundo matatu ya kamba: la kwanza hufunguliwa kwa upepo mwanana, la pili kwa upepo wenye nguvu, na la tatu huleta dhoruba.

“Kaka, mimi sifungi watu,” ninamwambia. “Ukitaka, tutafunga hasira yako, na utaifungua mwenyewe siku utakayoweza kuibeba.”

Anaondoka bila kuaga. Haiwi rahisi kwangu kumwacha mtu aende na uchungu wake, lakini niliwahi kukubali ombi kama hilo nilipokuwa mgeni katika kazi hii, na nikaona mtu akitumia fundo langu kama ruhusa ya kumfuatafuata mwenzake. Sitarudia.

Kabla sijafunga, msichana mmoja ananiletea farasi wa baharini aliyekaushwa, aliyemnunua safarini, akitaka nimfanyie hirizi. Ninamweleza kwa upole kwamba biashara ya kimataifa ya farasi wa baharini inadhibitiwa na CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea ya porini, kama ilivyo kwa matumbawe magumu, makombe makubwa ya Karibi na, tangu makubaliano ya mwaka 2016, nautilasi, jamaa wa pweza mwenye kombe. Anashtuka, hakujua. Tunakubaliana amhifadhi kama kumbukumbu, asinunue mwingine, na hirizi yake nitaitengeneza kwa kijiti kilicholetwa na mawimbi.

Saa 11:00 jioni

Maji yanakaribia kupwa tena. Ninajaza ile chupa ya pili, kisha ninawarudishia mawimbi vitu vilivyomaliza kazi yake: kauri iliyokaa chini ya mto wa mgonjwa aliyepona, na kome mwenye pande mbili aliyegawanywa na ndugu wawili waliokuwa hawasemezani. Hakuna kitu ninachokimiliki moja kwa moja.

Maji yanapogeuka ninaandika kwa kidole, kwenye mchanga ulio karibu kabisa na maji, maneno ambayo watu wa leo waliniomba niwaandikie. Ya yule mama yalikuwa mawili tu. Wimbi la kwanza linafika pembeni ya herufi, la tatu linazifunika, na kufikia la tano mchanga ni laini kama haujawahi kuguswa. Kijana yule hakuniachia neno, lakini ninamwachia nafasi tupu mwishoni mwa mstari, nayo pia inafunikwa.

Saa 2:00 usiku

Mwezi unachomoza umechelewa, upande mmoja umeanza kulika. Ninatandaza mchanga mkavu ndani ya sinia na kurusha vitu vyangu saba vya kupigia ramli. Neno ramli lenyewe linatokana na Kiarabu, nalo maana yake ni mchanga, jambo linalonifurahisha kila ninapotandaza sinia hili. Wayoruba wana mfumo mpana na wa kale unaotumia kauri 16, wenye elimu na viapo vyake, nami siuigi kwa sababu sikuingizwa humo. Vyangu ni vitu vya kawaida: kauri, kioo, kijiti, mfupa wa dome, kifuniko cha konokono, kokoto nyeusi na konokono mmoja mrefu. Huyo wa mwisho, ukimshika ncha ikiwa juu, mdomo wake hufunguka kulia, kama walivyo wengi mno wa jamii yake. Kwa miaka tisa nimetafuta anayefunguka kushoto na bado sijampata.

Kifuniko kimeanguka mbali na wenzake, uso juu. Kwangu huo ni mlango uliofungwa ambao haupaswi kusukumwa, na ninadhani ninajua ni wa nani. Ninaandika hilo katika daftari, pamoja na hali ya mwezi, upepo, vitu vitano vilivyookotwa na mahali vilipokuwa. Kisha ninasogeza saa ya kuniamsha mbele kwa dakika 50.