Mzigo Huu Nani Alikupa Uubebe?

Kwa muda mrefu nilitamani kufanya kazi ya sanaa ambayo mtazamaji hasimami mbali nayo akiwa amefunga mikono nyuma, bali anaishika, anaifungua na kuacha kitu chake ndani. Nilikuwa nimesoma habari za Chiharu Shiota, msanii wa Kijapani anayeishi Berlin, ambaye hutundika mamia ya masanduku ya safari kwa kamba nyekundu, na za Mohamad Hafez, mzaliwa wa Syria anayeishi Marekani, ambaye mwaka 2017 alijenga ndani ya masanduku vyumba vilivyobomolewa na vita huku sauti za wakimbizi zikisikika. Kazi hizo zilinigusa sana, lakini nilitaka masanduku yangu yaseme na watu wa Mwanza, ambao wengi wao huijua safari ya majini tangu utotoni.

Masanduku niliyapata kidogo kidogo: mengi kwa wauza mitumba wa soko la Mlango Mmoja, mawili ya bati kwa fundi wa Makoroboi, na mfuko mmoja wa shangazi kaja niliopewa na jirani. Kwenye vifuniko nilifunga swichi ya kitufe, kama ile inayowasha taa mlango wa friji unapofunguliwa, ili kila kifuniko kikiinuliwa isikike sauti ya mawimbi na honi ya meli. Sehemu hiyo haikunisumbua.

Kilichonisumbua ni ukaguzi. Katika ukumbi mdogo tulioazimwa Kirumba, nilimweka mlangoni kijana mwenye sare, akiwaamuru watu wafungue sanduku na kuandika kwenye karatasi jambo linalowaelemea moyoni. Nilidhani amri ile ingewafanya watafakari namna tunavyopekuliwa kwa jina la usalama. Watu walikakamaa. Wengine waliandika "sina kitu", na mama mmoja aliikumbatia pochi yake tangu alipoingia hadi alipotoka. Nilikuwa nimeuchukua ukaguzi wa uwanja wa ndege na kuupachika mahali ambapo neno usalama lina historia nyingine kabisa.

Huku kwetu, usalama wa safari ni habari ya uzito. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 ikiwa njiani kuja Mwanza, wakafa mamia ya watu, na makaburi yao yako Igoma. MV Nyerere, kivuko chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018 kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Aliyezaliwa kando ya Ziwa Victoria anajua kwamba chombo huzama kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema kimejaa.

Siku ya tatu nilimwomba kijana avue sare. Nilitundika mizani ya kuning'iniza, ya aina ile wanayotumia wauza samaki, nikabakiza maswali mawili tu: mzigo huu una uzito gani, na nani alikupa uubebe? Swali la pili nililitoa palepale uwanja wa ndege, ambako abiria huulizwa kama kuna mtu amempa kitu akipeleke, na hilo ndilo lililofungua vinywa. Kwetu ni nadra mtu kusafiri na vya kwake peke yake. Kuna bahasha ya mjomba, dagaa wa shangazi, na maagizo ya marehemu ambayo hayana risiti. Kijana mmoja alisimama kimya kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba deni linalomnyima usingizi ni la baba yake. Msichana mmoja alijaza karatasi pande zote mbili, akaomba nyingine.

Tuliacha pia kusema "fungua", tukawa tunasema "tua", kama anavyoambiwa aliyebeba ndoo kichwani. Karatasi haikusomwa na yeyote. Kila mtu alipewa namba ya mzigo, na siku ya mwisho angeweza kuja kuichukua karatasi yake au kuiacha ichomwe. Ahadi hiyo ilitimizwa kwa kila karatasi, na kwa maoni yangu, mtu asiyeweza kuitimiza asiifanye kazi hii, kwa sababu atakuwa anawapekua watu tu.

Bibi mmoja alikuwa ameweka karatasi tupu aliyoikunja mara nne. Siku ya mwisho alirudi na furushi lake, akielekea kupanda meli ya Ukerewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimefuata mzigo wangu."

Nilimkumbusha kwamba angeweza kuuacha. Akatikisa kichwa, akaifungia karatasi kwenye pindo la kanga, akainama kidogo kuelekea furushi.

"Nitwike basi, meli hainingoji."

Nikamtwika.