Kinu Ghorofa ya Nne

Bibi alikubali kuhamia Michenzani, hapa mjini Unguja, kwa sharti moja: kinu chake lazima kije. Nyumba yetu ya udongo hapo Ng'ambo ilikuwa imeshavunjwa kupisha majumba ya maendeleo, yale mabloki marefu aliyoyaanzisha Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Tukapewa fleti ghorofa ya nne. Ilikuwa 1975, Mzee mwenyewe keshauawa miaka mitatu nyuma.

Siku hizi wapo wanaoyacheka majumba yale, eti masanduku ya Kijerumani. Wacheke. Mimi namkumbuka Bibi usiku wa kwanza akiwasha taa, akizima, akiwasha tena, mpaka Baba akamwambia, "Mama, utaiunguza." Choo ndani, mfereji wa maji jikoni. Hakuna kwetu aliyelilia tope la masika.

Basi ukafika mkesha wa Idi, Bibi akatoa ngano ya boko-boko, ule mseto wa ngano na nyama, akairowanisha, akashika mchi. Kule kwenye nyumba ya udongo kinu kilikaa uani, na ardhi ikikimeza kishindo. Hapa sakafu yetu ilikuwa dari ya mtu. Mapigo matatu tu, vikombe vikaanza kugongana kabatini. Hayakufika kumi, hodi mlangoni.

Alikuwa jirani wa chini, kajifunga shuka, chokaa nyweleni.

"Shikamoo, bibi. Chokaa yote inaniangukia kitandani."

"Marahaba, mwanangu. Kwani kwenu boko-boko mnapika na ngano yenye makapi?"

Jirani akajikuna kichwa. Kisha, sijui kwa aibu au kwa uchu, akainama akakikumbatia kinu, gogo zima la mfenesi, akaanza kushuka nacho ngazi. Mimi nyuma na mchi. Bibi nyuma yangu, mkono ukutani, kila kidato akinung'unika: "Aliyejenga nyumba hii hali, huyu."

Tukakiweka mchangani baina ya mabloki mawili. Bibi akatwanga. Madirisha yakawaka moja moja. Mara akateremka mama mmoja wa ngazi ya pili na ungo wake wa ngano, hata jina hatulijui, akamwomba Bibi ampokee mchi. Akafuata mwingine na mchi wake mwenyewe. Wakawa wanapishana, huyu akiinua yule anashusha, na vigelegele juu.

Kukirudisha juu, hakuna aliyekuwa na nguvu tena. Asubuhi tukienda kusali Idi tulimkuta mbuzi kakitumbukiza kichwa kinuni, anatafuna makapi.