Siku Visigino Vyangu Vilipogusa Chini

Hadi mwaka 2011 nilikuwa naendesha pikipiki kwa ncha za vidole. Mimi ni mfupi, hata futi tano sijatimia. Boxer ya kaka yangu niliimudu ikiwa mwendoni, lakini tukifika kwenye foleni ya Daraja la Nyali ilinibidi niiinamishe upande mmoja ili mguu upate lami. Wengi waliniambia niache, nikae nyuma nibebwe. Iliniuma sana.

Jumamosi moja mjomba wangu, ambaye ni fundi wa pikipiki hapa Mombasa, akanipigia simu. "Njoo gereji, mwanangu. Na uvae viatu vya kufunga."

Nilimkuta anafuta vumbi Yamaha Drag Star 650 nyeusi, mtumba. Ilikuwa ndefu, imelala chini kama jahazi lililopwelewa. Gurudumu la mbele jembamba, inchi 19, limetangulia mbali. La nyuma nene, inchi 15. Tangi la lita 16 lina umbo la tone la maji, na saa ya mwendo imekaa juu yake, si kwenye usukani. Nikatafuta cheni, sikuiona. Mjomba akanishika mkono, akauweka juu ya chuma kinachokwenda gurudumu la nyuma. "Shafti imo humu, kama ya gari. Cheni ya kukaza hakuna." Springi ya nyuma nayo imefichwa chini ya siti, ili mgongo wa pikipiki ushuke kwa mstari mmoja kama zile za kale.

"Haya, kaa."

Siti yake iko chini ya sentimita 70 kutoka ardhini. Nikakaa, nikashusha miguu. Visigino vikagusa sakafu. Vyote viwili. Nikainyanyua kutoka kwenye stendi, kilo zaidi ya 200, ikasimama wima katikati ya mapaja yangu. Machozi yalinilenga, sioni haya kusema.

Tukashika njia ya Kilifi, mjomba kakaa nyuma. Silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V zina mdundo wake. Unausikia tumboni kabla ya masikioni. Mtwapa tukakwama kwenye foleni. Injini ile hupozwa na upepo, na upepo ulipokoma, joto lilinipanda miguuni kama niko karibu na jiko la mkaa.

Baada ya hapo barabara ikafunguka, mkonge huku na huku. Karibu na Vipingo nikaingia kona kwa mazoea ya Boxer, nikailaza. Krrr! Chuma kikakwaruza lami chini ya mguu wangu wa kushoto. Moyo ulinipasuka. Mjomba akaniwekea kiganja begani, hakupaza sauti. "Usishike breki. Tazama unakokwenda." Nikatazama, ikatoka yenyewe.

Tulipopumzika akachuchumaa, akanionyesha. Kikanyagio kina bawaba, kilikunjika kilipogusa. "Hii imeshushwa ili wewe ufike chini," akasema, "kwa hiyo na vyuma vyake viko karibu na barabara. Kona punguza mwendo kabla hujaingia, usiilaze."

Ncha ya kile chuma ilikuwa imesagika, inang'aa kama shilingi mpya. Tuliporudi gereji, mjomba akauliza kama apige rangi. Nikamwomba aiache hivyo.

Jumamosi iliyofuata nilifika kabla hajafungua mlango.