Shemeji anataka Scania

Shemeji yangu kapata kiinua mgongo, anataka Scania ya mtumba na dereva wa kuipeleka Tunduma, mpakani na Zambia. Hesabu yake iko kwenye karatasi: malipo ya mzigo, toa mafuta, toa posho, inayobaki faida. Nikamwambia karatasi hiyo haijapanda mlima Kitonga.

Mimi ninalo gari njia hiyo hiyo. Ajali haininyimi usingizi sana, mradi nimekata bima kubwa. Ile ndogo inamlipa uliyemgonga, wewe unabaki na chuma chakavu. Kinachoniumiza ni dizeli. Gari linasimama usiku pembeni ya barabara, mpira wa kunyonyea mafuta unaingia kwenye tangi, madumu yanashuka, asubuhi simu inalia: "Bosi, foleni ya mpakani ilikuwa ndefu, gari limekunywa." Utabisha vipi na wewe uko Mbagala? Nimefunga kifaa cha kufuatilia gari. Kinanionyesha limesimama wapi, mpira hakionyeshi.

Halafu mizani. Dereva akiokota mzigo wa njiani anaporudi Dar, hela yake. Uzito ukizidi pale Vigwaza, faini yangu. Tairi likipasuka, langu pia. Na benki haiulizi kama gari liko gereji, tarehe ya rejesho ni ile ile.

Madereva nao siwalaumu peke yao, wengi hawana mkataba wala mshahara wa kueleweka. Wangu namlipa kila mwezi sasa, na foleni za mpakani zimepungua ghafla.

Shemeji anasema yeye atamweka mpwa wake. Huyo hata kumfukuza atashindwa.